Barua kwa mpwa wangu kuhusu waraka ambao haukuwapo

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata, na kwa kuwa uliniuliza mbele ya wenzako mnaosomea uandishi wa habari kama nami nimewahi kuitazama ile filamu ya Blood on the Sun, nimeona nikujibu hadharani vilevile. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na naipenda kuliko inavyostahili. James Cagney, mfupi, mwepesi wa miguu, ndiye Nick Condon, mhariri wa gazeti la Kimarekani mjini Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1920. Anachapisha habari kwamba wakubwa wa Japani wana mpango wa siri wa kuiteka dunia, polisi wanamwandama, rafiki zake wanauawa, na tangu hapo kila mtu anausaka waraka mmoja wa Waziri Mkuu Tanaka Giichi. Lile pambano la judo karibu na mwisho bado hunisisimua, ingawa siwezi kuwatazama waigizaji wa Kizungu waliopakwa rangi na kubandikwa macho ya Kijapani bila kukunja uso. Filamu ilitoka mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia bado vinapiganwa, na wakati huo hakuna aliyejali kumtendea adui haki.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba ungependa kuwa mwandishi kama Condon, mwandishi anayeupata waraka. Ule waraka haukuwapo. Kinachoitwa Waraka wa Tanaka, yaani taarifa anayodaiwa kumpelekea mfalme wake mwaka 1927, kwamba ili Japani iitawale dunia lazima kwanza iiteke China, na ili iiteke China lazima kwanza iitwae Manchuria, yaani kaskazini-mashariki mwa China, na Mongolia, ulichapishwa kwa Kichina mjini Nanjing mwishoni mwa mwaka 1929, kisha ukaenea kwa Kiingereza mwaka 1931. Nakala yake ya asili ya Kijapani haikupatikana kamwe, hata baada ya Wamarekani kuikalia Tokyo na kuyafungua makabati ya serikali, na wanahistoria walio wengi wanakubaliana kwamba ulighushiwa.

Aliyeughushi alijikwaa mahali padogo. Waraka unasimulia kwamba baada ya mataifa tisa kutia saini mkataba kuhusu China kule Washington, mfalme alishauriana na wazee wa dola, akiwamo Yamagata Aritomo. Mkataba huo ulisainiwa tarehe 6 Februari 1922. Yamagata alifariki tarehe 1 Februari, siku tano kabla. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu enzi za ujana wangu katika chumba cha habari niliwahi kuletewa barua yenye mhuri mzuri na maneno mazito, nikakimbia nayo kwa mhariri nikidhani nimeshaupata ukurasa wa kwanza. Mzee yule hakuisoma hata nusu. Aliitazama tarehe, akalitazama jina, akaniuliza huyu bwana siku hiyo alikuwa wapi. Alikuwa ameshastaafu miezi minne.

Usije ukadhani nawatetea majenerali wa Japani. Watu waliuamini waraka kwa sababu yaliyofuata yalifanana nao mno: Manchuria ilitekwa kweli, China ikavamiwa kweli, na mamilioni wakafa. Njama zilikuwapo. Ila hazikukaa katika karatasi ya waziri mkuu, na hapo ndipo filamu inapokupoteza wewe unayejifunza kazi hii. Tarehe 4 Juni 1928 treni iliyombeba Zhang Zuolin, mbabe wa kivita aliyeitawala Manchuria, ililipuliwa karibu na Mukden, mji unaoitwa leo Shenyang. Aliyepanga alikuwa Kanali Komoto Daisaku wa Jeshi la Kwantung, yaani kikosi cha Kijapani kilichowekwa huko kulinda reli. Waziri Mkuu Tanaka, yule yule anayedaiwa kuchora ramani ya kuiteka dunia, hakuambiwa. Alipojua, alimwahidi mfalme kwamba wahusika wataadhibiwa, jeshi likagoma, ahadi ikamwishia kooni, mfalme akamkaripia, na mwezi Julai 1929 akajiuzulu. Miezi michache baadaye alikufa, na mwaka haukuisha kabla ya waraka kutokea Nanjing ukiwa na jina lake, yeye akiwa kaburini, asiyeweza kukanusha.

Na magazeti ya Japani yaliandika nini kuhusu kifo cha Zhang? Wakaguzi wa serikali hawakuyaruhusu kusema nani aliua, kwa hiyo kisa hicho kikapewa jina la "tukio fulani kubwa la Manchuria". Hebu fikiri, mpwa wangu: taifa zima likijadili bungeni na magazetini jambo lisiloruhusiwa kuitwa kwa jina lake. Mwandishi aliyekuwa akitafuta saini ya waziri mkuu angepita kando ya habari hiyo bila kuiona, kwani habari yenyewe ilikuwa kwamba waziri mkuu hawezi kumwadhibu kanali.

Miaka mitatu baadaye makanali walirudia. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa Jeshi la Kwantung, chini ya Itagaki Seishiro na Ishiwara Kanji, walitega baruti kwenye reli ya Kijapani yenyewe karibu na Mukden ili wawasingizie Wachina. Mlipuko ulikuwa dhaifu kiasi kwamba treni ilipita pale muda mfupi baadaye bila kuanguka. Kufikia asubuhi Mukden ilikuwa mikononi mwao. Serikali ya Tokyo ilisema haitaki vita vipanuke, jeshi likavipanua, na magazeti makubwa ya Tokyo na Osaka yakashangilia, maana habari za vita zilikuwa zikiuzika kama maandazi ya moto.

Waandishi waliolipa gharama ya kweli walikuwapo, wala hawakupiga judo na mtu. James Cox, mwakilishi wa shirika la habari la Reuters, alikamatwa Tokyo mwezi Julai 1940, na siku mbili baadaye akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la ghorofani katika makao makuu ya polisi wa kijeshi. Wakubwa walisema amejiua. Richard Sorge na Ozaki Hotsumi, waandishi waliokuwa majasusi wa Urusi ya Stalin, walinyongwa mwaka 1944, lakini hao walimwandikia Moscow, si wasomaji.

Ninayemtaka umjue ni Kiryu Yuyu, mhariri wa gazeti la mkoani, kule Nagano. Mwezi Agosti 1933 jeshi lilifanya mazoezi makubwa ya kujikinga na ndege za adui katika eneo la Tokyo, watu wakizimishwa taa. Kiryu aliandika tahariri ya kuyacheka. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na hakuitoa katika kabati la mtu: mji huu umejengwa kwa mbao, ndege za adui zikishafika angani kwake utawaka wote, na hapo tumekwisha shindwa, kwa hiyo mazoezi haya ni mchezo wa kuigiza. Chama cha askari wa akiba kikatishia kulisusia gazeti, naye akalazimika kuondoka. Alihamia Nagoya akawa anachapisha kijarida chake mwenyewe, ambacho serikali ilikizuia mara kwa mara, hadi alipofariki tarehe 10 Septemba 1941, miezi mitatu kabla ya Japani kuishambulia Marekani katika bandari ya Pearl Harbor.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, mwaka ule ule filamu yako ilipotoka, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya nyumba za mbao za Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa kabla ya mchana.

Wasalimu wenzako.

Mjomba wako