Barua ya Wazi kwa Walimu wa Sekondari wa Tanga

Wanangu walimu,

Salamu nyingi. Baadhi yenu nimewafundisha, kwa hiyo sitazunguka mbuyu: nawaandikia juu ya dawa za kulevya shuleni.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka mingi. Siku moja nilimkamata kijana wa kidato cha pili na msokoto wa bangi nyuma ya vyoo. Nilimchapa mbele ya paredi, bodi ikakaa, akafukuzwa. Wiki ile nilijiona nimeisafisha shule. Miaka ilipita, nikamkuta stendi, amekonda, anasinzia wima kwa unga, yaani heroini. Akanitambua yeye kwanza. "Shikamoo mwalimu." Marahaba ilinikwama kooni.

Tangu hapo najiuliza: tulipomfungia geti, nani alimpokea? Kijiwe. Kule walimwita kwa jina lake, wakamgawia chapati, wakamsikiliza. Sisi kwa miaka miwili tulimwita kwa namba ya kiti.

Ninyi mnapekua mabegi asubuhi. Sawa, pekueni, lakini mtoto hapotei asubuhi. Anapotea saa saba mchana, pale wale ambao wazazi wao hawajalipa mchango wa chakula wanapotoka nje wenzao wakipanga foleni jikoni. Huko nje kuna mtu atakayempa kuberi, ile tumbaku isiyovutwa, aiweke chini ya mdomo ili njaa itulie. Anayekula pamoja na wenzake hana sababu ya kumfuata mtu huyo. Nawaomba sana, mtoto asitolewe kwenye foleni ya chakula kwa deni la mzazi.

Halafu kuna jioni. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, kiwanja kinachangamka kwa ajili ya wenye vipaji. Ikipita, mipira inafungiwa stoo. Wafungulieni hata wasiojua kupiga danadana, maana hao ndio wanaozurura. Na pale nyuma ya vyoo, pasipopita mtu, limeni bustani, watu wapite.

Jambo linaloniuma zaidi ni ushauri nasaha. Shule nyingi anayeshika fimbo ndiye huyohuyo mshauri. Mtoto atamwelezaje aliyemchapa jana kwamba kaka yake anavuta unga chumba wanacholala wote? Mteueni mwalimu mwingine, na wanafunzi waulizwe wanamwamini nani.

Muuzaji wa getini msimwonee haya. Sheria ya mwaka 2015 ipo, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ipo; toeni taarifa. Ila aliyeonja mara moja ni mwanafunzi wenu bado. Mwiteni na mzazi wake, mkae naye, arudi darasani. Hata waliokwisha kuacha masomo, serikali iliwafungulia mlango wa kurudi mwaka 2021.

Kijana wangu yule sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, huduma iliyoanzia hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kila siku anakwenda kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kisha anatafuta kibarua. Nashukuru yu hai. Lakini angekuwa fundi au mwalimu mwenzenu. Hesabu aliziweza kuliko darasa zima.

Muhula ukifunguliwa nitafika shule iliyo jirani nami, saa saba mchana, na magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya wasiolipiwa. Mwalimu wa zamu anionyeshe stoo.

Mwalimu wenu mstaafu,
Tanga