Mashine ndogo za kukereza zisiuzwe kwa kilo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye karakana na familia za mafundi wastaafu hapa Lubumbashi wasiwape wanunuzi wa vyuma chakavu mashine zao ndogo za kukereza vyuma, yaani zinazozungusha chuma huku kisu kikikichonga, zile tunazoziita tour kwa Kifaransa, kabla hazijatazamwa na mtu anayezijua.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kukereza ni kazi ya jioni zangu. Mwaka jana, katika komini ya Kenya, nilikuta Myford ML7 ikiwa tayari imewekwa kwenye mizani. Mashine za aina hiyo zilianza kuundwa mwaka 1946 huko Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, kwa ajili ya karakana ndogo na za nyumbani. Hii, kwa maelezo ya muuzaji, iliingia kwetu kutoka Kitwe, Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Niliisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa, nikaona kwamba chini ya kutu reli zake, ambazo kisu huteleza juu yake, zilikuwa nzima, isipokuwa karibu na kichwa kinachozungusha kazi, ambako kazi nyingi hufanyika na ambako ukucha ulikwama kidogo nilipoupitisha, dalili kwamba palikuwa pamelika.

Kilichoniuma zaidi ni rangi. Mtu alikuwa ameipaka nzito mno, akaziba matundu ya kutilia mafuta, na mhimili unaozungusha kazi ukawa umezunguka mkavu hadi ukaanza kucheza. Kwa bahati njema, mhimili wa ML7 hulala katika bushi, yaani pete za kuzungukia, za metali nyeupe laini, na chini ya vifuniko vyake mna vibati vyenye matabaka membamba kama karatasi: unabandua tabaka moja, unakaza, unazungusha kwa mkono, unajaribu tena. Siku mbili zilitosha, wala sikununua bushi hata moja.

Gia za kubadilisha, zinazopanga mwendo wa kisu, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa kilo wiki moja kabla. Bila gia hizo mashine haikati uzi wa bolti. Parafujo yake ndefu, inayosogeza kisu, ina nyuzi 8 kwa inchi, ilhali bolti tunazotumia ni za milimita, kwa hiyo nilihitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 kamili. Kuchongesha seti nzima kulinigharimu zaidi kuliko mashine yenyewe.

Leo inakereza fimbo ya milimita 100 kwa tofauti ya unene ya milimita 0.02 kutoka ncha hadi ncha, na majirani huniletea bushi za vinu vyao vya mahindi.

Basi, anayelazimika kuuza aiuze pamoja na kisanduku chake cha gia, mandrini (kishikio cha kubana kazi) na funguo zake, hata kama vimejaa kutu, na asiipake rangi ili ipendeze machoni pa mnunuzi.

Mwalimu na msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi