Meya wa Jiji si meya wa Dar es Salaam yote

Ndugu Mhariri,

Mafuriko yakiikumba Mbagala au Mwananyamala, magazeti na redio huuliza Meya wa Jiji yuko wapi. Tangu Februari 24, 2021, Jiji la Dar es Salaam kisheria ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, basi. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea, kila moja ina meya, mkurugenzi na bajeti yake. Naomba gazeti lako lianze kuandika hivyo, kwa sababu wasomaji wanapeleka malalamiko kusiko.

Muundo huu umevunjwa na kuundwa upya mara nyingi. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, na ya jiji mwaka 1961. Katika sera ya madaraka mikoani ya miaka ya 1970 halmashauri zilifutwa, usafi na mifereji vikadorora, na halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu (Ubungo na Kigamboni zilikuja baadaye), juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuziunganisha. Hiyo ya juu ndiyo iliyovunjwa 2021. Hoja ilikuwa kwamba haikuwa na eneo lake la utawala na fedha zilikuwa zikiishia kwenye posho. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini kazi zake za kuvuka mipaka hazikuvunjwa, zimebaki bila mwenyewe.

Tazama mtaro ulioziba. Mtaro wa pembeni mwa barabara ya mtaani uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Taka zilizouziba ni kazi ya halmashauri. Barabara ikiwa kuu au ya mkoa, ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Majitaka yakivuja humo, ni DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Ndiyo maana tope hupakuliwa likaachwa ukingoni, mvua inayofuata ikalirudisha lilikotoka: aliyezibua hana gari la taka, na mwenye gari hakuambiwa.

Mwananchi afanye nini? Aandike barua kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata, akitaja mtaa, tarehe na aina ya barabara, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Aombe hoja iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo inapita kamati ya kudumu kisha Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake vya kawaida ni kila robo mwaka. Ukikosa kikao kimoja, umesubiri miezi mitatu. Na kama hoja inahitaji fedha, ifike kata kabla ya Desemba: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini rasimu za bajeti huwa zimeshapikwa miezi mingi kabla. Hoja nyingi nzuri hufia hapo, zimeletwa Machi.

Kwa mambo yanayovuka mipaka, njia hiyo haitoshi. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kupita kati ya halmashauri zaidi ya moja hadi daraja la Salander. Anayetupa taka juu anamzamisha wa chini ambaye diwani wake hana kauli huko. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko ndani ya Jiji, na taka zake si za Jiji peke yake. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa inaratibu, ila haina baraza lililochaguliwa na wananchi.

Sipendekezi kurudisha halmashauri ya juu na posho zake. Iundwe kamati ya pamoja ya halmashauri zote tano, yenye madiwani wachache kutoka kila moja, TARURA na DAWASA wakihudhuria, ishughulikie mto, dampo na mitaro ya mipakani tu. Kila halmashauri itenge kifungu chake katika bajeti ijayo, na mihtasari ya vikao ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Mdau wa serikali za mitaa,
Temeke, Dar es Salaam