Kaka, ile bisibisi uliirudisha wapi?

Kaka,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika nne unanisimulia uzuri wa gari lililolala chini ya mwembe nyuma ya chumba changu, kama kwamba mimi ndiye niliyehamia Maskati. Ati Peugeot 504 ya mzee bado ipo? Ati ifufuliwe, imchukue bibi harusi wa mwanao? Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu simu yako hukatika kila tukifika kwenye jambo lenyewe.

Ipo. Na kwa hesabu ya pesa, haifai. Nimelitanguliza jibu usije ukasema nilikuzungusha.

Jumamosi nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaivisha kitambaa isikwaruze, nikaipitisha ubavuni. Mlango wa dereva ilinasa. Madigadi ya nyuma kushoto ilinasa juu, ilipofika kwenye upinde wa tairi ikaanguka majanini. Hapo hakuna chuma, ni puti tupu. Baba aliipaka kwa mkono wake na wewe ulimshikia kopo, kwa hiyo usitafute fundi wa kumlaumu. Nikaingia uvunguni. Pale chini ya milango, abiria walipokuwa wakikanyaga wakipanda, panabonyea kwa kidole kama andazi lililolowa chai. Nilipoinua kwa jeki kidogo tu, mlango wa nyuma ukakataa kufunga. 504 haina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo mgongo wake, na mgongo ukioza gari linapinda katikati.

Mwembe una makosa yake, majani hujaa chini ya kioo cha mbele na kushika maji. Lakini kutu hii hasa ni ya Kilifi. Kabla daraja halijafunguliwa 1991 mzee alivuka na feri, Malindi kwenda na kurudi, abiria wamejaa safu zote tatu, na siku za bamvua maji ya chumvi yalifika kwenye ringi. Ndiyo maana jioni alitutuma kulimwagia tumbo maji ya kisima, wewe upande wako na mimi wangu. Ndoo yako ilikuwa inaishia kwenye mgomba, kisha ukienda mpirani. Nilikuona, nikanyamaza. Upande wako ndio wa kushoto, kaka.

Hayo ya utotoni yamekwisha. Siku ya hitima ya arobaini ya mzee ndiyo siwezi kujifanya nimeisahau. Mikeka imetandikwa uani, pilau imepakuliwa, mjomba yuko kwenye hadithi yake ya Safari Rally ya 1975, vile Ove Andersson alivyoshinda na 504 na mzee asilale kwa furaha. Watu wanacheka ile cheko ya msibani, ya kupumua. Ukainuka. Ukatoa bisibisi kwenye kisanduku cha baba, ukafungua mlango, ukainua zulia, ukaichoma sakafu. Ikazama hadi mpini. Ukaichomoa, ukaiinua watu waione ncha yake, ukasema, "Hii ni ya kupimwa kwa kilo."

Wako waliocheka. Mama alikuwa mlangoni na sahani yake mkononi. Alirudi nayo ndani ikiwa imejaa.

Tena ulikuwa sahihi! Hicho ndicho kipimo chenyewe, hata mafundi wa bodi huchoma hivyo hivyo kabla ya kutaja bei. Lakini si mbele ya mikeka. Na ile bisibisi ya mpini wa mbao sijaiona tangu siku ile.

Haya, kama pesa zinakuwasha, anza na bodi. Sakafu, ubavu wa chini pande zote mbili, na pale springi za nyuma zinapokalia. Fundi akikuambia atabandika bati juu ya bati, muage kwa heshima. Akate mpaka afikie chuma safi, ndipo achomelee. Rangi usiitaje kwanza, hata kama kwenye video unazonitumia ndiyo inayong'aa. Na usiniambie utaleta bodi nzima kutoka Ufaransa. Kenya gari lililotumika likizidi miaka 8 halipiti, na hilo la Ufaransa usukani wake uko kushoto. Injini iwe ya mwisho kukuumiza kichwa. Pikapu za 504 zimejaa injini za aina hiyo, na nyingine bado zinabeba matofali hapa Mombasa. Injini hupatikana, bodi haipatikani.

Nakwambia hivyo pia kwa sababu injini haimo.

Niliiuza 2019. Mama alivunjika nyonga, wewe ukasema mwezi ujao, na mwezi ujao ukasema mwezi ujao. Akaja mtu mwenye pikapu na mnyororo na vijana wanne. Asubuhi ilitoka, jioni mama akalipiwa. Shangazi, kama unasoma hapa, mama alikuwa anajua. Sikuiba kitu. Gari lenyewe lilikuwa halitoki chini ya mwembe, na kilichobaki nimekitunza mimi: turubai nimelibadilisha mara mbili, gari nimeliinua kwa matofali ili matairi yasioze, taa za mbele ziko kabatini kwangu ndani ya kanga. Wewe si ndiye uliyesema kilo? Basi kilo nyingi zilikuwa kwenye injini.

Sikukatazi. Siku nikilifunika turubai mvua ikija, nakuwaza wewe zaidi kuliko mzee, na hilo sikuwa nimepanga kuliandika.

Ikiwa ni bibi harusi tu, kodi gari jeupe, lipambwe maua, yaishe. Ikiwa ni gari, basi njoo mwenyewe, usitume mtu. Logi buku, hati ya umiliki wa gari, bado ina jina la baba na mirathi hatujagawa, kwa hiyo kabla ya fundi twende kwa kadhi. Mama apate thumni yake, fungu moja kati ya manane, kisha wewe wa kiume mafungu mawili, mimi dada yako moja. Sina neno. Wewe chukua ubavu wa kushoto na sakafu, na mimi nibaki na taa.