Mama, msimlipe yule mwenye simu

Calgary, 8 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini Elia atakusomea barua hii yote, asiruke pale panapomhusu. Elia, nakujua. Soma polepole na usimeze neno.

Ujumbe wa laki nne nimeuona. Niliusoma nikiwa kwenye basi, nikaurudia mara tatu, maana sikuamini kwamba tumefikia kumlipa mtu wa Moshi mjini aje na simu mkononi, azunguke kihamba, shamba letu la ukoo, atutangazie kwamba Baba Mdogo ametula hatua nne za mpaka. Ya bati la jiko nimeshatuma, Mama, angalia simu yako. Hiyo ya mwenye simu situmi.

Simu inakisia mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti. Uwanjani, anga likiwa wazi, inakosea mita tano hivi. Iingize chini ya migomba na miparachichi, kwenye mteremko ule wa kwetu, mawimbi yanagonga majani na kingo za korongo kabla hayajaifikia, na kosa linaweza kupita mita kumi. Ugomvi wetu ni wa hatua nne! Huyo bwana atafuata masale, ile mimea yetu ya mpaka, asubuhi apate mstari huu, arudi jioni apate mwingine unaopita chumbani kwa Baba Mdogo. Vifaa tunavyojifunzia sisi hapa chuoni, kwenye ufundi wa ramani, vinashika hadi sentimita mbili, kwa sababu vinasaidiwa na kituo kingine ambacho mahali pake panajulikana. Na bado mwalimu hatukubalii pointi mpaka tuipime mara mbili, kwa nyakati tofauti.

Hapo niacheni niringe kidogo. Mwezi wa kumi na moja kikundi chetu kilipima mzunguko wa kilomita moja na nusu, pointi kumi na nane, hadi tukarudi tulipoanzia. Ukirudi, hesabu lazima ifunge. Isipofunga, kuna aliyezembea. Sisi tulikosea sentimita tatu. Upana wa vidole viwili, Mama, kwa kilomita moja na nusu! Baridi siku hiyo ilikuwa 24 chini ya sifuri na betri zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Nikazivika mimi, mbili kila kwapa, ndani ya koti, kama mtu anayeatamia mayai. Zilipopata joto zikafufuka. Wavulana wa hapa hapa walikuwa wameshaanza kukunja vifaa. Sasa wananiita wao wenyewe kwenye kikundi.

Baba Mdogo angeiona ardhi ya huku angelia. Ukitoka nje ya mji imechorwa miraba kama daftari la hesabu. Kuanzia mwaka 1871 serikali ya Kanada ilipima mbuga za magharibi kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukatoa vipande 36 vya ekari 640. Mlowezi alilipa ada ya dola 10 akapewa ekari 160, alime na ajenge. Watu wa Blackfoot waliokuwa wakiishi hapa kabla ya mistari, hao hawakupimiwa hivyo. Lakini hata mistari ile ilipata tabu. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mistari ya kwenda kaskazini inazidi kukaribiana, kwa hiyo kila baada ya maili 24 wapimaji walilazimika kuisogeza. Mpaka leo unaenda na barabara iliyonyooka kama rula, ghafla inakata kona, inasogea kidogo, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi tunagombana kwa kihamba kisichofika ekari moja na nusu. Na mimi ni binti, kihamba si changu, najua. Elia hachoki kunikumbusha.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Ule mstari mwekundu wa mpaka ulioanzisha ugomvi niliurusha mimi kwenye grupu la ukoo, Krismasi ile ya kwanza bila mimi. Mlikuwa wote nyumbani, picha za mbuzi na mbege zinaingia moja moja, mimi niko chumbani peke yangu, nikataka na mimi nionekane. Nikachukua picha ya setilaiti, nikaweka pointi alizonitumia Elia kwa simu yake, nikachora mpaka. Mkanisifu. Baba Mdogo akatoka kwenye grupu usiku uleule.

Muhula huu tuliambiwa tulete ramani ya zamani ya kwetu. Nikapata ile ya kipimo cha moja kwa elfu hamsini, nikaiweka juu ya picha ya setilaiti, na kila kitu kikawa kimehama kama mita mia tatu. Kumbe ramani zetu za zamani zilijengwa juu ya kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, na setilaiti zinatumia kingine, WGS 84. Hilo unalirekebisha kwenye programu, likaisha. Nikacheka sana. Halafu nikanyamaza, nikaukumbuka mstari wangu. Nikafungua picha za kihamba chetu za miaka tofauti, nikafuata kitu kimoja tu, bati la jiko. Kati ya picha moja na nyingine bati limehama mita saba, na jiko liko palepale alipolijenga Baba. Picha zenyewe hazikai sawasawa, hasa kwenye miteremko. Mimi nilichora juu ya picha inayohama, nikamfanya mtu mzima mwizi.

Kwa hiyo asiwepo wa kusema "Neema amepima." Mimi nasomea ufundi wa ramani. Hata huku fundi hawekei mtu bikoni za kisheria, yaani alama za mpaka, hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni. Nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe ni saba na sheria inataka watatu wawe wanawake, kwa hiyo Mama usikae nyuma. Waiteni wazee waliomwona Babu akipanda masale yale. Wao wanakumbuka mfereji ulipita wapi kabla haujahamishwa.

Mimi ni mzima. Kazi ya usafi ya usiku ipo, si mbaya. Ndizi za dukani zote ni za njano, mtori wangu wa mwisho niliupika kwa viazi na nikaula hivyohivyo. Siku za mwanga naiona milima ya theluji upande wa magharibi, mingi, mirefu, na kila mara jicho linatafuta Kibo.

Naomba uninyanyukie, Mama. Chuma jani la sale la kuombea msamaha, umpelekee Baba Mdogo kwa niaba yangu, umwambie mwenye kosa ni mimi. Ila usilichume pale mpakani, atauliza ni la nani.

Nitampigia Jumapili mkitoka ibadani. Saa saba mchana yenu huku ni saa tisa usiku, lakini nitakuwa macho tu.

Binti yako,
Neema