Barua kwa vijana wanaosoma uchumi: ijueni Marekani kwa mambo ya nyumbani kwake

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma uchumi na siasa katika vyuo vyetu,

Nawasalimu kwa upendo. Nimekuwa nikifuatilia mijadala yenu kuhusu Marekani, na kila mara naona mnagawanyika pande mbili: wanaoiona kuwa chanzo cha kila dhiki yetu, na wanaoiona kuwa nchi ya kuigwa kwa kila jambo. Wote mnaijadili kana kwamba kila kunapokucha inaamka ikitufikiria sisi. Nimeishi miaka ya kutosha kuona uamuzi mmoja wa Washington ukichangia kusimamisha mashine kiwandani kwetu, na walioupitisha hawakuwa na habari kwamba kiwanda hicho kipo duniani. Mtu asiyekufikiria hata kidogo, kumlaani hakumpunguzii kitu na kumsifu hakumwongezei. Inakubidi ujue yeye anafikiria nini, na kwa nini.

Anzeni na Julai 1944. Vita haijaisha, na wajumbe wa nchi 44 wamekutana hotelini Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, kupanga fedha za dunia ziendeshwe vipi baada ya vita. Kutoka Afrika walikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini chini ya utawala wa wazungu wachache. Sisi wengine tulikuwa chini ya wakoloni, hatukuulizwa. Uingereza ilimtuma mwanauchumi John Maynard Keynes, aliyependekeza sarafu ya kimataifa isiyo mali ya nchi yoyote, akaiita bancor. Katika mpango wake, hata nchi yenye ziada kubwa ya biashara ingebanwa ijirekebishe, si mdaiwa peke yake. Marekani ilimtuma Harry Dexter White wa Hazina yake. Dhahabu nyingi ya dunia ilikuwa mikononi mwa Marekani, na Uingereza ilikuwa imechoka kwa madeni ya vita, kwa hiyo mpango wa White ndio uliopita. Dola ikafungwa kwenye dhahabu, wakia moja kwa dola 35, na sarafu nyingine zikafungwa kwenye dola. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia zikawekwa Washington. Mpaka leo maamuzi makubwa kabisa ya IMF yanataka asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16. Pigeni hesabu wenyewe muone nani anaweza kuzuia nini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kati ya mwaka 1948 na 1952 Marekani hiyohiyo ilitoa kama dola bilioni 13 kuijenga upya Ulaya Magharibi kupitia Mpango wa Marshall, na sehemu kubwa ilikuwa msaada, si mkopo. Ilikuwa inaogopa ukomunisti, tena ilitaka wanunuzi wa bidhaa zake. Watu waliokuwa na njaa wakala. Mambo yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa historia asiyeweza kuyashika yote mawili atabaki mpiga kelele tu.

Miaka ya sitini Rais Lyndon Johnson alipigana Vietnam na papo hapo akapanua huduma kwa maskini na wazee wa nchini mwake. Dola zilizosambaa nje zikazidi dhahabu iliyokuwa ghalani. Ufaransa ya Rais de Gaulle ikaanza kurudisha dola na kudai dhahabu. Ndipo katikati ya Agosti 1971 Rais Nixon akawachukua washauri wake wachache hadi Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wao, na Jumapili usiku, tarehe 15, akatokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu. Katika hotuba hiyohiyo alizuia mishahara na bei kupanda kwa siku 90, akaweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za kutoka nje. Uchaguzi wake ulikuwa mwaka uliofuata. Waziri wake wa Hazina, John Connally, aliwaambia wenzake wa Ulaya kwamba dola ni sarafu yetu, lakini ni tatizo lenu. Kauli hiyo iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa mwenyewe. Agosti 1979 Rais Carter alimweka Paul Volcker kuongoza Benki Kuu ya Marekani. Mfumuko wa bei kwao ulikuwa unawatesa wananchi, na mapema mwaka 1980 ulikaribia asilimia 15. Volcker akabana fedha na kuacha riba ipande mpaka ikafika karibu asilimia 20. Wamarekani wenyewe waliumia sana. Mafundi wa majumba walimtumia kwa posta vipande vya mbao, kwa kuwa hakuna tena aliyekopa kujenga. Wakulima waliendesha matrekta yao hadi Washington, mbele ya jengo la benki hiyo. Mwishoni mwa 1982 wasio na kazi walizidi asilimia 10. Volcker alizisikia kelele hizo, akazipima, akaendelea. Lakini alikuwa anapima kelele za kwao. Mkulima wa kahawa wa Kagera hakuwa na pa kupeleka kipande chake cha mbao.

Agosti 1982 Mexico ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Mexico na nchi za Amerika ya Kusini zilikuwa zimekopa kwenye mabenki makubwa, fedha ambazo nyingi zilitokana na mapato ya mafuta yaliyowekwa huko tangu bei ilipopanda mwaka 1973, na riba ya mikopo ile ilikuwa ikipanda na kushuka na soko. Tanzania hatukukopa kwa mtindo huo sana. Mikopo yetu mingi ilitoka kwa serikali rafiki na mashirika ya kimataifa. Tuliumia kwa mlango mwingine. Uchumi wa matajiri uliposinyaa, bei za mazao yetu zikaanguka, huku mafuta yakiwa yamepanda tena mwaka 1979.

Nilikuwa karani wa hesabu kiwandani. Beringi ikikatika, tuliomba fedha za kigeni kuagiza nyingine, kisha tukasubiri. Wafanyakazi walikuja asubuhi, wakafagia sakafu, wakapaka mashine mafuta ili zisishike kutu, saa ikifika wakaondoka. Wake zetu walikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni.

Msiseme yote yalitoka Washington. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikala fedha zetu, na mwaka 1976 tulikuwa tumevifuta wenyewe vyama vikuu vya ushirika vilivyokuwa vikikusanya mazao ya wakulima. Mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara, na sisi tuliokuwa tunaandika vitabu vya hesabu tulijua. Wakubwa wetu nao walitofautiana. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alitaka tukubaliane na IMF. Hakuafikiana na Mwalimu Nyerere, akajiuzulu mwaka 1979. Mwanzoni mwa 1980 Mwalimu aliwauliza mabalozi ni lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Kwangu mimi swali lile lilikuwa la haki kabisa, na hoja ya Mtei kwamba ghala lilikuwa tupu ilikuwa ya haki pia. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulitia saini makubaliano na IMF, na shilingi iliyokuwa 17 kwa dola ikawa 40.

Mkidhani hayo ni ya wazee, tazameni ya juzi. Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Sababu ilikuwa bei ya vyakula, petroli na kodi za nyumba kwao. Dola zikavutwa kurudi kwao kwenye riba nzuri, na mwaka 2023 wafanyabiashara wetu walizunguka mabenki wakitafuta dola. Kenya, iliyokuwa na hatifungani, yaani hati ya deni la serikali, ya dola bilioni 2 ya kulipa Juni 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 mwezi Februari kwa riba ya zaidi ya asilimia 10.

Kwa hiyo someni siasa zao za ndani kwa bidii mnayoiweka kwenye ligi za mpira za Ulaya. Kamati ya riba ya benki hiyo hukutana mara nane kwa mwaka, na kumbukumbu za kikao hutolewa hadharani baada ya wiki tatu. Zimeandikwa kwa lugha kavu, lakini humo mtaona wanachohangaikia: ajira, mishahara, bei. Ninyi mtazisoma bure kwenye simu, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Kisha fungueni taarifa ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania, kwenye jedwali linaloonyesha deni la nje kwa sarafu. Dola ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali.

Baadhi yenu mtaajiriwa Hazina, wengine mtakuwa wasaidizi wa kamati za Bunge. Ukiletwa mezani mkataba wa mkopo wa dola wenye riba inayofuata soko, ulizeni kabla haujasainiwa: riba ikipanda mara mbili, ni wizara gani itakatwa bajeti, na ni kwa shilingi ngapi? Ulizeni kwa maandishi, na jibu mlihifadhi kwenye faili.

Mzee wenu anayewapenda,
karani mstaafu wa hesabu