Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia maktaba: kitabu cha kuku hakinunuliwi kama tamthilia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti,
Kakamega.

Mheshimiwa,

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Ndani yake hupita mstari mmoja mfupi, "ununuzi wa vitabu", na mstari huo ndio uliotufanya tukuandikie. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, kwa hivyo mlango wa kubisha ni wako.

Ombi letu ni kwamba mstari huo ugawanywe. Maktaba ya umma haihudumii wanafunzi peke yao. Asubuhi anaingia mama kutoka Shinyalu anayetaka kujua kwa nini vifaranga wake wanakufa, na saa nane mchana anaingia kijana wa Malava anayetafuta tamthilia ya watu sita ya kuigiza kanisani. Kwa namba za Dewey zinazopanga vitabu maktabani kwa mada, mmoja ataelekezwa rafu ya 636.5, mwingine 896.392 akitaka ya Kiswahili au 822 akitaka ya Kiingereza. Ila kwenye zabuni wote wawili hufungwa katika maneno yale yale: "vitabu mchanganyiko, nakala mbili mbili". Nakala mbili za kitabu cha kuku zinaweza kulitosha tawi dogo. Nakala mbili za tamthilia hazimfai mtu yeyote anayetaka kuigiza.

Tuanze na kuku. Kitabu hiki hufunguliwa bandani, mkono wa pili ukiwa umeshika chupa ya chanjo, na kosa lililomo humgharimu msomaji mifugo. Kabla ya kukinunua, afisa afungue ukurasa wa chanjo ya Newcastle, ule ugonjwa wa kideri. Kama chanjo inatolewa kwa maji ya kunywa, kitabu kiseme waziwazi kwamba maji ya mfereji yenye klorini huua virusi hai vilivyomo kwenye chanjo. Kiseme maji ya mvua au ya kisima ndiyo bora, na yasipopatikana, maji ya mfereji yatiwe maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, kabla ya chanjo kuingia. Kiseme chombo kiwe cha plastiki, si cha bati, na kisiwe kimeoshwa kwa dawa ya kuua viini. Kiseme pia kuku wanyimwe maji kwa saa moja au mbili kabla ya kupewa chanjo, ili iishe ndani ya saa mbili. Kitabu kinachosema "changanya kwenye maji" na kuishia hapo kina hatari kubwa: mfugaji anachanja, kuku wanakufa vilevile, naye anaamini ameuziwa dawa bandia. Mwaka unaofuata hachanji kabisa.

Ukurasa wa pili wa kukagua ni wa joto. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha zipunguzwe nyuzi 2 au 3 kila wiki. Vitabu vingi vya kutoka nje humwambia msomaji awashe balbu ya wati 250, kana kwamba stima haikatiki. Hapa kwetu stima ikipotea usiku, mtu huingiza jiko la makaa. Basi kitabu kimwonye kuhusu hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, na kimwonyeshe kwa mchoro tundu la hewa liachwe wapi juu ya ukuta. Asiye na kipimajoto afundishwe kuwasoma vifaranga wenyewe. Wakibanana karibu na jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, joto liko sawa. Tunapendelea kitabu cha kurasa 60 chenye mchoro huo kuliko cha kurasa 300 kisicho nao.

Kitabu cha aina hii kiwe kimeshonwa kwa uzi, kwa sababu cha gundi tupu hupasuka mgongo mapema, na kilichobanwa kwa pini huota kutu kwa unyevu wetu. Jalada livalishwe plastiki. Chenye majina ya dawa kipitiwe na afisa wa mifugo kila baada ya miaka michache, na kilichopitwa na wakati kitolewe rafuni hata kama bado kinang'aa. Vya ufugaji wa nyuki, samaki na ushonaji huzeeka polepole zaidi. Vya afya ya mama na mtoto ndivyo vya kukaguliwa kwa haraka kuliko vyote.

Tamthilia ina desturi nyingine kabisa. Iliyoandikwa miaka 50 iliyopita inaigizika kesho. Inachohitaji ni idadi: nakala moja kwa kila mhusika, moja ya mwelekezi, na moja ya akiba. Wahusika 10 ni nakala 12, zifungwe katika pakiti moja yenye kadi moja, ziazimwe kwa miezi miwili. Siku 14 za kawaida huisha kabla waigizaji hawajashika maneno. Maktaba ikiwa na nakala moja, kikundi huipeleka fotokopi, ukurasa unarukwa, na mazoezi yanakwama pale ambapo mhusika anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Isitoshe, kunakili kitabu kizima ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayolinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baadaye. Jirani yetu wa Maragoli, Francis Imbuga, alifariki 2012. Tamthilia zake zinalindwa hadi mwisho wa 2062. Tunaomba ndani ya kila jalada ibandikwe karatasi yenye anwani ya mchapishaji na maelezo ya jinsi ya kuomba ruhusa ya kuigiza.

Tafadhali pia msijaze rafu kwa vitabu teule vya mtihani. Shule tayari zinavyo, na vikibadilishwa, maktaba hubaki na makumi ya nakala za kitabu kimoja, huku tamthilia mpya za waandishi wetu hazina hata moja.

Kuhusu zabuni, kila kitabu kitajwe kwa jina, ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu), mwaka wa toleo na aina ya ushonaji. Maneno "au kinacholingana nacho" yaondolewe, maana humo ndimo vitabu vilivyokosa soko hupitia. Uteuzi ufanywe Oktoba, na mkutubi, afisa wa mifugo na mwalimu wa drama wakae pamoja. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, na kinachonunuliwa wiki hiyo ya mwisho ni kile kilicholala kwenye stoo ya muuzaji. Makontena ya vitabu vya misaada nayo yafunguliwe na mkutubi mwenye idhini ya kukataa.

Rafu ya chini ikae sentimita 10 juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa, na mgongo wa kabati uache nafasi ukutani ili hewa ipite, maana ukuta wa upande wa mvua huozesha vitabu kimyakimya.

Tuko tayari kukaa na maafisa wako siku mbili, nakala za sampuli zikiwa mezani, kabla orodha haijafungwa.

Ni sisi,
Wakutubi, wafugaji na walimu wa drama,
Kakamega.